Pumba za Tamkuha zilivyoshinda Texas

Wilaya ya West Champaran iko kaskazini magharibi mwa jimbo la Bihar, India, jirani na mpaka wa Nepal. Ni tambarare ya mpunga na miwa, na mto Gandak unapita hapo ukitokea milima ya Himalaya. Wanaopenda historia wanaikumbuka Champaran kwa sababu Mahatma Gandhi alifika huko mwaka 1917 kuwatetea wakulima waliokuwa wakilazimishwa kulima nili. Miaka 90 baadaye, vijiji vingi vya wilaya hiyo vilikuwa na kero nyingine. Havikuwa na umeme.

Kimojawapo ni Tamkuha. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ukungu wa giza, na mpaka mwaka 2007 lilikifaa kijiji hicho. Jua likizama, kilichobaki ni kibatari. Mtoto mwenye hesabu za shule aligombea mwanga huohuo na mama aliyekuwa anapika, macho yakiwawasha wote wawili kwa moshi wa mafuta ya taa. Kutoka nje usiku kulitaka moyo, kwani nyoka hawaonekani gizani.

Kilichokuwa kingi ni pumba za mpunga. Mzazi wa Kyela, Ifakara au Mwea hahitaji kuelezwa: nje ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima chake, ng'ombe hazitamani, na upepo ukivuma zinaingia hadi kwenye sufuria.

Gyanesh Pandey alikulia Bihar. Alisomea uhandisi Varanasi, akaenda Marekani kuchukua shahada ya uzamili katika jimbo la New York, kisha akapata kazi Los Angeles katika kampuni ya vifaa vya elektroniki. Kwa familia nyingi, hapo ndipo ada huanza kurudi. Pandey aliiacha kazi hiyo akarudi nyumbani, ambako rafiki yake wa utotoni, Ratnesh Yadav, alikuwa amebaki akifanya biashara. Mzazi aliyeuza shamba kumsomesha mwanawe anaweza kukisia mwenyewe mazungumzo ya mezani katika hali kama hiyo.

Na mwanzo haukuwa wa kutia moyo. Walijaribu umeme wa jua wa aina mpya, haukufaa. Wakajaribu mafuta ya mbono, nayo yakashindikana. Ndipo wakageukia mtambo ambao wengine walishauzoea: tanuri linalochoma pumba kwa hewa kidogo ili zitoe gesi badala ya kuungua zote. Teknolojia hiyo ni ya miongo mingi, na baadhi ya mashine za mpunga zilikuwa zikiitumia kwa kuchanganya gesi na dizeli. Wao walitaka kuiondoa dizeli kabisa.

Kazi ilikuwa hapo. Gesi ya pumba hutoka na lami na masizi yanayoziba injini, hivyo lazima ichujwe vizuri, na injini yenyewe irekebishwe. Walihangaika nayo hadi Agosti 15, 2007, siku India ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, balbu zikawaka Tamkuha.

Wakati huo mwenzao Manoj Sinha, mhandisi kutoka India, alikuwa mwanafunzi wa biashara katika shule ya Darden ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, Marekani. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Charles Ransler, waliichukua habari ya pumba wakaiandika kama mpango wa biashara. Kampuni ikaitwa Husk Power Systems.

Mashindano ya namna hii ni ya kawaida katika vyuo vya Marekani. Timu hupewa dakika chache mbele ya majaji, wengi wao watu wa mitaji, na maswali huwa makavu. Nani atalipa? Atalipa kiasi gani? Mtambo utarudisha gharama yake lini? Hapo ndipo mawazo mengi mazuri ya nishati safi hukwama, kwa kuwa bado ni michoro. Vijana wa Darden walikuwa na jibu ambalo halikutoka darasani: kulikuwa na kijiji ambacho kilishaanza kulipa.

Mwaka 2008 walishinda shuleni kwao, kisha wakashinda dola 50,000 katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Mwaka uliofuata wakapata dola 250,000 katika mashindano ya kimataifa yaliyoandaliwa na Cisco na DFJ. Yadav hakuwa mwanafunzi wa Darden. Bila yeye na Pandey kule kijijini, lakini, jukwaani pangekuwa na maneno matupu.

Mtambo mmoja ulikuwa wa takriban kilowati 32 na ulikula kama kilo 50 za pumba kwa saa, ukihudumia mamia ya familia. Nyaya zilipitishwa juu ya nguzo za mianzi, maana nguzo za kawaida zingepandisha bei. Familia ililipa kama rupia 100 kwa mwezi kwa balbu mbili na kuchaji simu, umeme ukiwashwa saa kadhaa kila jioni. Hata majivu yalipata kazi: wanawake waliyatumia kutengeneza vijiti vya udi vya kuuza.

Matatizo yalikuwepo. Wapo waliojiunganishia kinyemela, na kampuni ikalazimika kuunda mita ya bei nafuu ya kulipia kabla. Hata hivyo, kufikia mwaka 2011, iliposhinda tuzo ya Ashden ya Uingereza, ilikuwa na mitambo zaidi ya 60.

Baadaye bei ya paneli za jua ilishuka sana. Husk ikaanza kuchanganya: jua mchana, mitambo ya mabaki ya mazao usiku. Sinha akawa mkurugenzi mtendaji, na kampuni ikavuka bahari hadi Tanzania na Nigeria.

Kule India, Aprili 2018 serikali ilitangaza kwamba kila kijiji kimefikiwa na umeme. Waya kufika kijijini ni jambo moja, umeme kuwepo saa mbili usiku ni jingine, na mzazi yeyote aliyewahi kuwasha mshumaa huku luku ina uniti analifahamu hilo. Kampuni iliyoanza na balbu mbili kwa kila nyumba sasa inawatafuta zaidi wenye mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea na maduka yenye friji, ambao umeme ukikatika nusu siku wanapoteza mauzo ya siku nzima.