Siku ya Tope Katika Msitu wa Shimba

Milima ya Shimba imo katika kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita 30 na kitu kutoka Mombasa. Ukishavuka Likoni, hufuata barabara ya kusini hadi Kombani, kisha hupinda kulia na kuanza kupanda. Joto la pwani hubaki nyuma, na huko juu hupokewa na ukungu.

Msitu huu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ni miongoni mwa mabaki makubwa ya misitu ya mvua ya pwani yetu. Ndani yake mna mivule, mbega weusi wenye mabega meupe, ndovu, na palahala, ambao katika Kenya nzima hawapatikani pori jingine.

Mwezi wa Mei, masika yamekolea, tulikwenda huko wanawake na watoto wa ukoo mmoja, pamoja na mama mkwe wangu aliyekwisha kupita miaka 60. Nia yetu ilikuwa kuyafikia maporomoko ya Sheldrick, ambayo maji yake huanguka kutoka urefu wa mita 21 hivi. Njia ni ya miguu, yote mteremko, na kwa sababu ya ndovu huendi bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyasi zilipokwisha tukaingia kwenye kiza cha miti, na hapo tope likaanza: tope la majani yaliyooza, linalong'ang'ania kiatu hata mguu ukachomoka peke yake. Mabuibui tuliyapandisha na kuyafunga kiunoni juu ya suruali. Watoto walitucheka, kisha wakawa wa kwanza kuanguka. Askari akamwokotea mama mkwe fimbo.

Nusu ya njia nikamwambia, “Mama, turudi. Kupanda kutakuwa kuzito.”

Akanijibu, “Nirudi kabla sijayaona, mwanangu? Maji haya nimeyapangia foleni miaka mingi. Leo nataka kuyaona yakiwa kwao.”

Tulifika alhamdulillahi, na Adhuhuri imeingia. Baadhi yetu walisita kuswali na nguo zilizojaa tope. Mama mkwe akatukumbusha tuliyosomeshwa chuoni: udongo asili yake ni twahara, na tope si najisi mpaka ijulikane kuwa limeingiwa na najisi. Tukatawadha kwa maji ya mto, baridi ya kukata vidole, tukaswali kwa zamu.

Kupanda kulichukua muda maradufu. Penye kona moja askari aliinua mkono: kinyesi cha ndovu kilikuwa bado kinatoa mvuke, na matawi yalivunjika upande wa kushoto. Tulisimama kimya, kila mama na mwanawe mkononi, hadi sauti ikapotea. Mama mkwe aliongoza, nasi tukafuata mwendo wake.

Chemchemi za Marere, zilizomo katika milima hii, hupeleka maji Kwale na Mombasa. Majani na mizizi huizuia mvua isiporomoke baharini kwa siku moja. Ardhi huinywa, kisha huitoa kidogo kidogo mpaka wakati wa kaskazi. Lile tope lililotuchosha ndilo ghala lenyewe. Basi gunia la mkaa likifika mlangoni, tuulize mti umekatwa wapi kabla ya kuuliza bei. Na anayetaka kwenda, avae viatu vya mpira, achukue nguo za kubadili, na asiwaache wazee nyumbani.