Moja Nukta Tatu

Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Aprili 12, 1984. Julai mwaka huohuo, kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili kwa jina lake. Mimi nilisoma hapo miaka michache baadaye. Nilipanga chumba Mwembesongo, na asubuhi nilikwenda chuoni kwa baiskeli, milima ya Uluguru ikiwa mbele yangu.

Maabara ndiyo iliyonipeleka maktaba. Tulikuwa tunapima kaboni ya udongo kwa njia ya Walkley na Black. Unaweka gramu moja ya udongo kwenye chupa, unatia mililita 10 za dikromati ya potasiamu, halafu mililita 20 za asidi ya salfuriki kali. Chupa inachemka yenyewe, huwezi kuishika. Unasubiri nusu saa, unaongeza maji, kisha unafungulia bureti tone kwa tone mpaka bluu nzito igeuke ghafla kuwa kijani kibichi. Jibu unalizidisha kwa 1.3. Karatasi ya maelekezo haikusema kwa nini.

Nilimuuliza mkutubi, mama mtu mzima ambaye kila mwanafunzi alimwamkia kabla ya kumwomba chochote. Yeye hakuwa mkemia. Aliniuliza tu, "Hiyo moja nukta tatu, mwanangu, ni ya nani?" Akanipeleka kwenye kabati la kadi, kisha kwenye majarida yaliyojalidiwa. Tukalipata: *Soil Science*, juzuu la 37, mwaka 1934, lenye makala ya Walkley na Black wenyewe.

Nilikaa na juzuu lile mpaka taa zikazimwa. Fotokopi ilikuwa ghali, kwa hiyo nilinakili kwa mkono. Humo ndimo nilimoelewa kwamba moto pekee katika njia ile unatokana na asidi inapokutana na maji, nao hautoshi kuunguza kaboni yote. Waandishi walipata kwa wastani kama asilimia 77, ndiyo maana ya kuzidisha. Wastani wa udongo walioupima wao! Udongo wa Matombo, anakolima bibi yangu, haukuwamo.

Nikachukua sampuli shambani kwa bibi, za juu na za chini, maana alikuwa na habari yake ya siku nyingi. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya ngazi ya serikali ya kikoloni, ikawa vurugu, na damu ikamwagika. Bibi alisema matuta yale yalichimbua udongo usiozaa na kuuweka juu. Bureti ilimuunga mkono: udongo wa chini ulikuwa na kaboni kidogo sana, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata ukibadilisha kizidisho haiondoki. Katika maktaba ileile nikakuta kitabu cha Young na Fosbrooke cha 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Nilifurahi kuliko siku niliyopata shahada, kwa sababu kemia yangu na maneno ya bibi yalikuwa yamekaa meza moja.

Enzi hizo fedha za kigeni zilikuwa adimu nchi nzima, na majarida mapya yalifika kwa kusuasua. Makala usiyoipata ulimwandikia mwandishi wake kadi ya posta, ukangoja miezi. Mwaka 1991 maktaba yetu ilipewa kwa sheria hadhi ya Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza mkusanyiko wa majarida kwenye sidii, na 2003 FAO ikaleta AGORA, mkusanyiko wa namna hiyohiyo, kwa njia ya intaneti. Kazi ya miezi ikawa ya dakika.

Siku hizi wanafunzi waliopanga mtaani kwetu hunijia na simu zao zimejaa makala. Nawaamini, wanajua kutafuta kuliko sisi. Ila kila mmoja namuuliza amepima udongo wa wapi, na kizidisho amekitoa kwa nani. Anayesita namtuma kwenye juzuu la 37, ukurasa wa 29 hadi wa 38, azisome zote kumi, kisha arudi tuzungumze.