Nilipokea Mchezo, Nikanunua Gemu

Mwaka 2021 zamu yangu ya mchezo ilifika. Tulikuwa watu 12 kazini, kila mwezi laki sita kila mmoja, kwa hiyo nikaondoka kwa kijumbe na milioni 7.2. Mke wangu alijua fedha hiyo ni ya kumalizia kiwanja Chanika. Mimi nilijua inakwenda Kariakoo.

Nilikuwa nimepagawa na kadi ya michoro ya RTX 3080. Ilitoka Septemba 2020 kwa dola 699, kama milioni 1.6 za wakati ule. Lakini wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wakizikomba sokoni dunia nzima, na dukani nilitajiwa milioni 3.8, "mwisho kabisa, kaka, nimekufanyia." Nikalipa. Mashine nzima ikafika milioni 6.5: kava la kioo, feni sita, taa za kila rangi. Nilipoiwasha, sebule yetu ya Tabata ikawa kama ukumbi wa sendoff.

Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Mvua ya kwenye gemu la Cyberpunk 2077 ilikuwa inang'aa kwenye lami hadi nikasahau kama nje kwangu kuna tope. Kiwanja? Nilimwambia mke wangu mwenye nacho kasafiri. Uongo huo ulidumu miezi miwili.

Kijana wa shemeji ndiye aliyeniumbua kwanza. Alikuja likizo, akaangalia skrini, akauliza, "Anko, hii si ile ya ofisini kwenu ya zamani?" Ndiyo, ilikuwa ile ile, maana fedha iliishia kwenye mashine. Ni skrini ya hezi 60, inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Kadi yangu ilikuwa inatengeneza 140. Zaidi ya nusu ya nilichokinunua hakikuwahi kufika machoni pangu.

Kucheza na watu mtandaoni ndiyo kabisa. Seva ziko Ulaya, na kutoka Dar ishara inachukua zaidi ya milisekunde 150 kwenda na kurudi. Namwona adui, nafyatua, kumbe nilishakufa zamani. Kadi haifupishi mkongo wa baharini, hata ungeinunua kwa milioni kumi.

Halafu LUKU. Tulikuwa wateja wadogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mashine ilikuwa inavuta kama wati 500 nikicheza. Saa nne kila usiku ni uniti mbili, mwezi ni 60. Tukavuka 75, tukahamishwa daraja. Jioni moja mke wangu alinunua umeme wa elfu kumi, akaja amesimama mlangoni na simu.

"Baba watoto, elfu kumi uniti 28. Humu ndani nani anapikia umeme?"

Sikuwa na jibu. Feni sita zilikuwa zinajibu kwa niaba yangu. Usiku ule nilimweleza yote, kuanzia kiwanja.

Kuuza nako kukawa na kisa chake. Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi, wachimbaji wakamwaga zao sokoni, bei za mitumba zikaporomoka. Mashine ya milioni 6.5 ikaondoka kwa milioni 2.9. Aliyeinunua ni kijana wa Sinza anayehariri video za harusi. Alikuja na bajaji, akaivingirisha kwenye khanga kama mtoto mchanga.

Siku hizi nina kompyuta ya ofisi ya mtumba niliyoichomekea GTX 1650, kadi ya wati 75 tu. Nacheza mpira na kijana wa shemeji wikiendi, ananifunga kama kawaida. Kiwanja tulikimalizia mwaka jana, kwa bei iliyokuwa imeshapanda.

Yule wa Sinza nilikutana naye juzi kwenye kitchen party ya binamu yangu, kamera begani. Anasema video iliyokuwa inamlaza macho usiku kucha sasa inatoka kabla chai haijapoa, na fedha yake ilirudi ndani ya msimu mmoja wa harusi. Nikamuuliza kama huwa anaicheza.

"Gemu?" Akacheka. "Bro, nitacheza saa ngapi?"