Ungo juu ya bati, na Mzee barazani

Najua nimepotea, msininunie. Likizo nilikuwa nyumbani Morogoro na huko nilikuwa na kazi moja iliyonitoa jasho. Sasa nimerudi chuo, niko juu ya dabodeka, rumeti anakoroma hapo chini, nikaona bora niwasimulie kabla sijasahau.

Wanaonifahamu wanajua Mzee alipata kiharusi mwaka jana. Mkono na mguu wa kulia havijawa sawa, na maneno yanamtoka moja moja, kwa shida. Zamani kila mechi ilimkuta kibanda umiza na wenzake. Siku hizi anashinda barazani kwenye kiti chake, basi. Nikajibana kwenye boom (mliokula na mimi wali maharage muhula mzima sasa mmejua sababu), nikanunua ungo wa sentimita 90 na dekoda. Fundi akataka elfu arobaini kufunga. Mfukoni nilibaki na nauli ya kurudia chuo tu. Nikasema, mimi mwalimu mtarajiwa wa Fizikia na Jiografia, ungo ndio unishinde?

Kupanda juu haikuwa shida. Shida ni bati. Ukikanyaga katikati linabonyea, kwa hiyo nikafuata mstari wa misumari, maana chini yake ndiko papi ilipo. Stendi nikaifunga hapo hapo kwenye mbao, siyo kwenye bati tupu, halafu kila tundu nikaliwekea kipande cha tyubu ya baiskeli na silikoni juu yake. Bomba nikalipima kwa timazi ya uzi na jiwe, kwa sababu likilala kidogo tu, vipimo vyote vya ungo vinadanganya. Hadi hapo nilijiona fundi kabisa.

Kasheshe ikaja kwenye kuelekeza. Nikaangalia ungo wa jirani wa ubavuni, umetazama juu kama bakuli linalosubiri mvua, nami nikaugeuza wangu vile vile. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa ndani anasoma namba kwenye TV na kunipigia kelele dirishani.

"Kaka, nguvu 80!"

"Na ubora?"

"Ubora sifuri!"

Nikasogeza kidogo. Nguvu 80, ubora sifuri. Saa mbili nzima, jua la mchana, bati linaunguza magoti. Nilianza kumfokea mtoto wa watu kana kwamba yeye ndiye anayeficha ubora.

Ndipo nikamsikia Mzee anagonga fimbo barazani. Nikadhani anataka maji. Nikamwambia mdogo wangu ampelekee. Akagonga tena. Nikashuka nimekasirika, nikamwambia, "Baba, subiri kidogo, namalizia." Akatikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha nyumba ya ng'ambo ya barabara, kisha ile ya kona, halafu akavuta pumzi akasema, "Ma-gha-ri-bi."

Nikatazama. Nyumba zote mbili zina dekoda kama yetu, na nyungo zote mbili zimeelekea magharibi. Yule jirani wa ubavuni niliyemuiga ana dekoda ya kampuni nyingine! Mzee kakaa barazani miezi na miezi akiangalia mapaa ya watu. Alikuwa na jibu tangu asubuhi, ila hakuna aliyemuuliza.

Aibu niliyoipata, acheni tu. Maana haya mambo nimeyasoma. Setelaiti za TV zimekaa juu ya mstari wa Ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka hapa, zinazunguka sambamba na dunia ndiyo maana tunaziona zimetulia sehemu moja. Ya jirani iko nyuzi 36 Mashariki, kwa hiyo kwa mtu wa Morogoro iko karibu na utosi. Yetu iko nyuzi 7 Mashariki, mbali magharibi kwetu, kimo kama nyuzi 53 tu kutoka upeo wa macho. Ungo ukikosea uzi mmoja, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Na ile nguvu 80 ilikuwa inaonyesha tu kwamba waya na kichwa cha ungo vinafanya kazi. Haisemi kama umeipata setelaiti yenyewe. Ubora ndio unaosema.

Nikapanda tena. Safari hii nikamgeuzia Mzee kiti ili anione. Nikalegeza boliti kidogo, nikawa nasogeza upana wa kidole, nasubiri dekoda ijifikirie, nasogeza tena. Mzee akiinamisha mkono, nashusha. Akiunyoosha, naacha. Mara dirishani: "Kaka, ubora 30! 52! 71! Acha hapo hapo!" Nikakaza boliti taratibu, mikono inatetemeka.

Jioni ile kulikuwa na mechi. Wenzake wawili wa kibanda umiza walikuja kukaa naye. Refa alipokataa penalti, Mzee alitoa neno moja ambalo siwezi kuliandika hapa. Lilitoka zima zima, bila kukatika. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku mvua ikanyesha. Niliamka mara tatu kumulika dari na tochi ya simu. Kavu.

Wadau, mwakani tunakwenda tena mazoezi ya kufundisha. Safari iliyopita mkaguzi aliniandikia kuwa nina sauti kubwa na naandika ubaoni vizuri, lakini siulizi wanafunzi wanajua nini. Nilimchukia wiki nzima. Sasa namwelewa. Nilikuwa na nguvu 80.

Haya, kesho nina lekcha saa moja asubuhi. Ambaye mzee wake yupo nyumbani, mpigie leo. Muulize kitu, halafu msubiri ajibu.

Tupo pamoja.