Papa na Papà

Dada yetu ni mtawa, naye yuko Italia. Katika barua zake alianza kutufundisha Kiitaliano, nasi huku Kakanda tukajifunza kwa bidii, tena kwa majivuno kidogo, maana tuliiona lugha hiyo kuwa jirani yetu kuliko Kifaransa cha shuleni. Maneno yake karibu yote huishia kwa vokali. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tusemavyo ka-NI-sa, na tukienda huko, ka-ni-SA-ni. Casa ni nyumba, casetta ni kijumba. Porta ni mlango, portone ni lango. Wao hubadili neno mkiani, sisi hulibadili kichwani.

Siku moja mstari wa barua ulimwishia katikati ya jina la mji wetu. Akaandika Kakan-, na chini yake da. Tukacheka sana. Kwetu ni Ka-ka-nda, lakini Mwitaliano huzitenga n na d.

Alituonya pia kwamba mkazo wao huhamahama. Sisi twasema te-le-FO-ni, wao te-LE-fo-no. Mtakatifu Domenico Savio, tunayemwita Domi-NI-ko, kwao ni Do-ME-ni-co. Hata sisi tunalo jambo hilo, ila ni mara chache: njia ya magari ni bara-BA-ra, na kazi iliyofanywa sawasawa ni ba-RA-bara. Neno lao likiwa na mkazo mwishoni, huwekewa alama juu: città, yaani mji. Alama ile tuliidhania pambo tu.

Mwezi wa Februari 2025 baba yetu alishikwa na homa kali, tukampeleka hospitali Likasi. Usiku ule tukamwandikia dada kwa simu, tena kwa Kiitaliano, ili aone maendeleo yetu: «Papa malato, pregate per lui», yaani papa ni mgonjwa, mwombeeni. Huku kwetu watoto wengi humwita baba yao papa. Akajibu upesi: «Twajua, jumuiya nzima yamwombea usiku na mchana.» Tukafarijika mno.

Baada ya siku tatu akapiga simu, akauliza, «Baba hajambo?» Tukanyamaza. Kumbe baba ni papà; Papa bila alama ni Baba Mtakatifu, na Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amelazwa hospitali ya Gemelli, Roma, tangu tarehe 14 ya mwezi ule. Siku tatu baba alihema kwa shida, binti yake asijue. Dada alilia, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Baba alirudi nyumbani kabla ya Pasaka. Tarehe 21 Aprili, redio ilipotangaza kifo cha Baba Mtakatifu, alivua kofia, akakaa kimya, kisha akasema, «Zile sala za siku tatu, sizidai.»

Simu yetu bado yatusumbua kwa alama zile. Ikikataa, twaandika baba.