Simu ya mama iliyoungua ndani ya gari letu

Leo siwaletei habari za mkutano wala za barabara. Ninataka kueleza kosa langu.

Wengi hapa Bunia mnalijua gari letu la kizee. Tulitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda, meza ya kazi na betri ya pili. Safarini tunalala humo. Tukifika kambi ya Kigonze, tunaacha injini ikizunguka ili watu wachaji simu bure.

Siku moja mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu alinipa simu yake. Baada ya dakika chache chaja ilitoa moshi, simu ikafa. Nilimwambia nitamnunulia nyingine. Akanijibu kwa sauti ya chini: «Mwanangu, namba ya kijana wangu ilikuwa ndani ya simu, haikuwa kwenye kadi.» Kijana huyo yuko Mahagi, walipotezana siku ya kukimbia.

Gari lilikuwa limetuonya. Mwezi ule taa za mbele ziliungua mara mbili. Betri ilimaliza maji haraka, tena ilinuka kama yai bovu. Mimi nililaumu mashimo ya barabarani.

Nilikwenda garaji nikidhani nitaambiwa ninunue alternateri, ile mashine inayotoa umeme injini ikizunguka. Fundi alichukua mita kwanza. Injini ikiwa imezimwa, betri ilionyesha volti 12,5. Ilipowashwa, 14,8. Alipokanyaga mafuta, 16,8. «Papa,» akaniambia, «ikipita 15 unapika betri.» Kwa kawaida huwa kati ya 13,8 na 14,5, hata ukikanyaga mafuta.

Akapima kati ya mwili wa alternateri na upande wa kutoa wa betri: karibu sifuri, kwa hiyo waya wa masi ulikuwa mzima. Kisha akafuata waya mwembamba unaoiambia regilateri betri ina umeme kiasi gani. Sisi wenyewe tulikuwa tumeukata na kuusokota vibaya tulipoweka betri ya pili. Ulikuwa umejaa kutu ya kijani. Regilateri ilidhani betri ina njaa, ikazidi kuisukumia umeme. Aliunganisha upya, mita ikashuka hadi 14,2. Angekuta waya ni mzima, tungebadilisha regilateri.

Sasa kuna mita ndogo mbele ya dereva. Ikipita 15, tunachomoa vyombo vyote na kuzima injini. Hatutoi kamwe waya wa betri injini ikizunguka, maana umeme huruka ghafla na kuunguza vyombo. Na betri haikai tena chini ya kitanda: ikichemka inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja.

Mama yule nilimpa simu nyingine, tukaweka kadi yake ileile. Siku tatu alikaa nayo mkononi. Siku ya nne kijana alipiga.

Wenye magari, pimeni kabla ya kupokea simu ya mtu. Nanyi wenye simu, andikeni namba za watu wenu kwenye karatasi pia. Mimi nilijifunza hayo kwa simu ya mwenzangu.