Shamba la Nzara ni la Nani?

Mama mkwe wangu alipokuja Juba kututazama, alimwuliza mume wangu, ambaye ni askari: "Mwanangu, miaka mingi umeshika bunduki kwa ajili ya nchi hii. Je, shamba la babu yako kule Nzara ni la nani?" Mume wangu aliinama, asijibu. Mimi nikaazimia kulitafuta jibu.

Nilianzia zama za Waingereza. Katika miaka ya 1940 walianzisha Mpango wa Wazande. Maelfu ya familia zilihamishwa makwao, zikapangwa kwa mistari na kupimiwa sehemu za kulima pamba. Pale Nzara kikajengwa kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma nguo. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi waliachishwa kazi. Julai 26 ghasia zikazuka, na watu wakauawa kwa risasi. Majuma machache baadaye askari wa Torit wakaasi.

Huko Nzara ilipandwa pia mitiki. Baada ya mapatano ya amani ya 2005, kampuni yenye fedha za Uingereza na Ufini ilipewa haki ya kuivuna. Hivyo basi pamba ilikuwa na mpango wake, na mitiki ilikuwa na mkataba wake. Babu peke yake hakuwa na karatasi.

Nikaifungua Sheria ya Ardhi ya 2009. Inasema kuwa haki ya ardhi ya kimila ina nguvu sawa na haki ya hati. Nilifurahi. Lakini sehemu ya kurudishiwa ardhi inawahusu waliokimbizwa na vita kuanzia Mei 16, 1983. Babu alihamishwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya hapo.

Ushahidi uliobaki ni kumbukumbu ya mama mkwe. Anakijua kijito, anayajua makaburi, anawataja majirani wa pande zote nne. Usiku ule nilichukua daftari la mtoto, nikaandika kila neno hadi taa ikazimika. Sijui kama baraza litamsikiliza. Najua tu kuwa akifa, habari hizo hazitazikwa pamoja naye.

Akina mama wenzangu wa kambini, wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wenu wangali hai. Waulizeni leo, muandike.